Uriri: Usukani Uliomfuata Mwenye Gari

Wiki hii twawaletea habari za Uriri, katika kaunti ya Migori, ambako tulikwenda kwa shughuli ya mirathi. Tulikusudia kulala usiku mmoja. Tukakaa siku tatu, na lililotuweka huko ni usukani wa pikapu. Msomaji asicheke. Ndani ya usukani huo mliingia haki ya mjane, mali ya mayatima na roho za watu wapitao njiani, na mambo matatu hayo ni miongoni mwa yale ambayo sheria yetu imekuja kuyalinda.

Barabara kuu itokayo Isebania, mpakani mwa Tanzania, hupita Migori, ikaja Uriri, ikaendelea Awendo na Rongo, kisha ikapanda milima ya Kisii. Sisi tuliijia kwa upande wa juu, baada ya kukesha njiani kutoka Mombasa hadi Nairobi na kutwa nzima kupitia Narok. Tulipoiacha Kisii nyuma yetu, migomba na michai ilianza kupungua, ardhi ikafunguka, na miwa ikashika pande zote mbili za barabara. Hiyo ni nchi ya sukari. Kiwanda cha South Nyanza, ambacho wenyeji hukiita Sony, kipo Awendo tangu miaka ya 1970, na trekta zivutazo matela ya miwa ndizo zenye barabara. Magari mengine huzipisha. Uriri wenyewe ni mji mdogo ulio baina ya Awendo na Migori: maduka yaliyopangana kando ya lami, soko, waendesha bodaboda chini ya kivuli, kisha njia za udongo mwekundu ziingiazo vijijini. Wadi zake tano zote zina jina moja la Kanyamkago, zikitofautishwa kwa pande za dunia na ile ya kati.

Waislamu wa huko ni wachache nao wametawanyika. Kaskazini yao, katika kaunti jirani ya Homa Bay, uko mji wa Kendu Bay ukingoni mwa Ziwa Victoria, wenye jamii ya Waislamu ya tangu zamani; basi asidhani mtu wa pwani kwamba Uislamu huishia Voi. Lakini katika vijiji vya Uriri nyumba ya Muislamu yaweza kuwa peke yake katikati ya majirani Wakristo, nao huishi kwa wema, wakikopeshana chumvi na kuzikana.

Mwenyeji wetu, ambaye jina lake tunalisitiri, alifiwa na mumewe. Alikaa eda yake miezi minne na siku kumi, na ilipokwisha akatuma salamu tuje tuwasaidie kugawa mali. Marehemu aliacha nyumba, kipande cha shamba la miwa, ng'ombe kadhaa, na pikapu moja aina ya Toyota Hilux. Jina la Hilux lilianza kutumika mwaka 1968, na hii ilikuwa ya kizazi cha tatu, kilichotoka viwandani baina ya 1978 na 1983. Rangi yake ilikuwa imekwisha kufifia, lakini injini ilikuwa ikiitika kwa ufunguo wa kwanza. Kwa gari hilo mjane huyu hupeleka dagaa wa ziwani, ambao huko huitwa omena, katika masoko ya ndani. Kwa gari hilo huchotwa maji mwezi wa kiangazi. Na kwa gari hilo hilo hubebwa majeneza ya Waislamu wa vijiji hivyo, kwa kuwa hakuna jingine.

Shida ilikuwa moja. Marehemu alikuwa mtu mrefu, mwenye mikono mirefu, na gari lilimkaa kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo. Mkewe ni mfupi. Akikaa chini, ukingo wa juu wa usukani humkatia macho, haoni mbele ila kupitia baina ya mikono yake. Akiweka mto apate kuona, usukani humbana mapajani na mguu haufiki klachi sawasawa. Alikuwa ameendesha hivyo tangu mumewe alipoanza kuugua, mabega yakimuuma kila jioni. Shemeji yake, baba mdogo wa watoto, alikuwa na jawabu lake: "Hilo ni gari la wanaume. Liuzwe, au nipewe mimi niliendeshe." Mjane alikuwa na jawabu jingine. Alisikia kwamba yako magari ambayo usukani wake hupanda na kushuka kwa kuvuta kishikio, na kwamba mafundi huweza kuuhamishia katika gari la zamani. Ndipo akatuuliza swali lake, naye amekaa nyuma ya pazia pamoja na mavyaa wake: "Maalim, yafaa kulikata gari la marehemu?"

Tulimjibu kwamba swali lake ni zuri kuliko alivyodhani, kwa kuwa watu wengi hukata kwanza, wakauliza baadaye. Mtu akifa, mali yake si ya mke, wala si ya ndugu, wala si ya mtoto mkubwa. Hutolewa kwanza gharama za mazishi, kisha hulipwa madeni, kisha hutekelezwa wasia usiozidi thuluthi, na kinachobaki ndicho cha warithi. Warithi hapa walikuwa mke, mama wa marehemu, binti mmoja aliyekwisha olewa, na wavulana wawili ambao hawajabaleghe. Mke hupata thumuni kwa kuwa marehemu ameacha watoto; mama hupata sudusi; na kilichobaki ni cha watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Ukiigawa mali mafungu 24, mke ana 3, mama ana 4, na 17 ni ya watoto. Kwa hivyo katika pikapu ile ilikuwamo sehemu ya mayatima wawili. Nyanya yao, ambaye watoto humwita Dana kwa Kijaluo, alisema kwa huruma, "Mwachieni mama yao gari, sisi tumesamehe." Tukamwambia: wewe na mjukuu wako mkubwa mwaweza kusamehe haki yenu, lakini mtoto mdogo hana ulimi wa kusamehe, na hakuna awezaye kumsamehea.

Hapo ndipo tulipouliza jambo ambalo kila msomaji wetu wa kike angefaa kulikumbuka. Tukauliza: "Mahari ililipwa yote?" Pakawa kimya. Kisha Dana mwenyewe akasema, haikulipwa. Sehemu ililipwa siku ya nikaha, na sehemu iliahirishwa, nayo imeandikwa katika cheti cha ndoa na mashahidi wawili wangali hai. Mahari iliyoahirishwa ni deni, na deni hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Wakachaguliwa watu wawili wajuao bei za magari, mmoja kwa upande wa shemeji, wakalipima lile gari. Thamani yake ilizidi kidogo mahari iliyobaki, na ile ziada ikahesabiwa katika thumuni ya mjane. Mayatima hawakupunguziwa hata shilingi moja. Tuliwaagiza hesabu hiyo waipeleke katika Mahakama ya Kadhi ipate muhuri, na kitabu cha gari kibadilishwe jina kwa njia ya serikali. Baada ya hapo tukamwambia: "Sasa ni lako, bi. Ukitaka kulikata, likate." Shemeji yake alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba yeye anamjua fundi.

Kabla ya kuingia gereji, yafaa msomaji ajue kinachozungumzwa. Sisi watu wa pwani neno usukani tulilijua baharini kabla ya kulijua barabarani. Asili yake ni Kiarabu, nao ni ule ubao wa nyuma ya jahazi ukatao maji, na mti wa kuugeuzia huitwa kana. Nahodha hushika kana akiwa amekaa au amesimama, kwa namna mwili wake upendavyo. Gari lilipokuja, usukani ukawa gurudumu, na gurudumu likawekwa juu ya chuma kirefu kishukacho hadi kwenye boksi lililo karibu na magurudumu ya mbele. Chuma hicho, pamoja na bomba linalokifunika, ndicho mafundi wakiitacho stering kolamu. Kwa miaka mingi kilikuwa hakisogei: dereva alilazimika kulifuata gari.

Mwaka 1961 kampuni ya Ford ya Marekani ilitoa gari la Thunderbird ambalo usukani wake uliweza kusogezwa kando ili dereva aingie na kutoka kwa nafasi. Mwaka 1963 General Motors ikaanza kutoa usukani wa kupanda na kushuka kwa ngazi saba. Ndani yake mna bawaba, meno ya kushika kila ngazi, na springi ya kuubeba uzito. Ukivuta kishikio, meno huachana, ukikiachilia, huumana tena. Mafundi wa kwetu huuita usukani wa tilti. Kulikuwa na jambo jingine lililokuja katika miaka hiyo hiyo, nalo ni kubwa zaidi. Kolamu za zamani zilikuwa kama mkuki ulioelekezwa kifuani mwa dereva: gari likigonga kwa mbele, chuma kile husukumwa nyuma, kikamchoma. Magari ya General Motors ya mwaka 1967 yakaanza kutiwa kolamu ijikunjayo inapogongwa, na tangu Januari 1968 sheria ya Marekani ikataka magari mapya yawe na kinga ya namna hiyo. Kwa hivyo anayebadilisha kolamu anashika kitu chenye kazi tatu: kuelekeza gari, kumpumzisha dereva, na kujikunja siku ya ajali. Akiharibu moja kwa kutafuta nyingine, amefanya biashara ya hasara.

Fundi wa shemeji alikuwa kijana mchangamfu, mwenye gereji chini ya mwembe kando ya lami. Alilitazama gari, akasema kazi ni nyepesi, itakwisha kabla ya alasiri. Kolamu yenye tilti ilikuwapo Migori, imetolewa katika pikapu ya aina hiyo hiyo ya miaka ya baadaye. Tatizo lilikuwa chini. Ncha ya chuma kipya na ncha ya boksi la zamani zina meno yasiyolingana, na urefu nao haukulingana. Ulizidi kwa upana wa vidole vinne. Kijana akasema atakata chuma, atakiunga kwa kipande cha bomba, atachomelea, atapiga msasa na kupaka rangi. "Hutaona hata alama, mama." Bei yake ilikuwa ndogo, na mjane alikuwa karibu kukubali. Sisi si mafundi. Lakini tulimuuliza kama tunavyouliza katika mambo mengine: "Na ikikatika?" Akajibu, "Haiwezi kukatika." Jawabu hilo halikututuliza nyoyo, kwa kuwa mwenye elimu ya jambo hujua mahali linapoweza kuharibika, akakuonyesha.

Jirani mmoja akatuelekeza kwa mzee mwenye gereji ndani zaidi, karibu na mashamba. Mzee huyu ni Mkristo wa Kisabato, kama walivyo wengi wa nchi hiyo. Alijilaza chini ya gari, akakaa huko muda mrefu, akatoka akajifuta mikono. Akasema: "Welding hapa siweki. Chuma hiki kinasokotwa kila siku. Kikichomwa moto, hugeuka tabia, na siku kikikatika, mama atakuwa ameshika usukani mikononi na gari linakwenda linakotaka." Akasema pia kwamba bomba la kuchomelewa halijikunji, na hivyo mkuki ungerudi kifuani kwa mlango wa nyuma. Alichotaka yeye ni kiungo cha msalaba, ambacho wenyewe hukiita kros, chenye meno ya boksi upande mmoja na meno ya kolamu mpya upande wa pili. Na kitu hicho hakikupatikana ila Nairobi, katika maduka ya Kirinyaga Road. Simu ikapigwa, kikaagizwa kije kwa basi la usiku. Kisha akatuambia kwamba kesho Jumamosi ni siku yake ya ibada na hatagusa spana. Tulimheshimu kwa hilo. Mtu amwogopaye Mola wake katika siku asiyoonekana na mteja, hutarajiwa amwogope pia katika boliti isiyoonekana na mteja.

Jumamosi hiyo, kwa kuwa tulikuwa hatuna kazi, tulichukuliwa kutazama Thimlich Ohinga, kaskazini-magharibi ya mji wa Migori, nasi twamshauri kila mwenye kufika nchi hiyo asipite bila kuiona. Ni maboma ya mawe yanayokisiwa kuwa ya karne ya 16, yaliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018. Kuta zake hufika baina ya mita 1.5 na 4.5 kwenda juu, na ndani yake waliishi watu na mifugo yao. Sisi tuliokulia baina ya kuta za matumbawe na chokaa tulisimama tukastaajabu, kwa kuwa hapo hapana chokaa wala udongo. Mawe yamepangwa makavu, kila jiwe likashikwa na wenziwe, na mawe madogo yamejaza nafasi baina ya makubwa. Yamesimama karne kadhaa kwa kuwa mjengaji alilitazama kila jiwe kabla ya kulilaza. Mjane alikuja na wanawe. Mdogo wao akaingiza mkono baina ya mawe kutafuta saruji, akaukosa, akatutazama kama aliyedanganywa.

Jumapili, baada ya swala ya alfajiri, kros ilikuwa imefika, na kazi ikaanza. Tutaieleza kwa utaratibu, ili mama mwenye gari ajue la kumuuliza fundi wake.

Kwanza mzee alifungua betri, akayanyoosha magurudumu ya mbele, akatia alama ya rangi kwenye chuma cha zamani na kwenye boksi kabla ya kuvitenganisha, ili kitu kirudi mahali kilipotoka. Akampandisha mjane garini, akampima: macho yake yafika wapi, viwiko vyapinda vipi, mguu wafika wapi klachi inapokanyagwa hadi mwisho. Hapo ndipo alipojua bawaba ya usukani ikae wapi. Pili, alishughulika na kishikizo cha chini ya dashibodi. Matundu ya kolamu mpya hayakulingana na ya gari. Kwa hiyo alitengeneza bamba la chuma kinene, akalifunga kwa boliti katika chuma cha ndani kibebacho dashibodi, wala hakulishikiza kwenye bati jembamba, kwani usukani wa tilti huvutwa na kusukumwa na bati lingechoka.

Tatu ilikuwa kros zenyewe, moja juu na moja chini, na kipande cha chuma baina yake. Akatueleza kwamba kros ina tabia yake: ikipindwa sana, mzunguko wake huwa mwepesi upande mmoja na mzito upande mwingine. Kwa hiyo pembe ziwe ndogo na zilingane, na masikio ya chuma cha katikati yaelekee upande mmoja, ili uzito wa kros moja ufutwe na wepesi wa ya pili. Meno yaliingia hadi mwisho wake. Boliti ikapita katika mfuo wake. Nati ya kujifunga ikakazwa. Kisha akachora mstari wa rangi nyeupe juu ya nati na chuma pamoja. "Mstari huu ukivunjika," alimwambia mjane, "jua nati imetembea. Usiendeshe." Nne, nyaya za honi, za indiketa na za suichi alizipa ulegevu wa kutosha, zisije zikavutika usukani ukipandishwa wala kubanwa ukishushwa.

Kisha yakaja majaribio. Aliinua magurudumu ya mbele kwa jeki, akazungusha usukani kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, katika kila ngazi ya tilti, akisikiliza. Shemeji ndiye aliyekuwa ameshika taa. Katika ngazi ya chini kabisa pakasikika mkwaruzo hafifu, ambao sisi hatukuusikia. Mzee akafungua tena, akakuta bomba limegusa ukingo wa tundu la ule ukuta wa chuma utenganishao injini na miguu ya dereva. Akaupanua kidogo, akaweka mpira, akafunga upya yote aliyokuwa ameyafunga. Ilikuwa saa kumi ya jioni, naye alikuwa hajala. Hakuna aliyemwamrisha. Angaliiacha vile, hakuna aliyekuwa hapo ambaye angejua.

Mjane aliliendesha kwanza katika kiwanja kitupu, polepole, kisha katika njia ya udongo, kisha lami. Alirudi akisema maneno mawili tu: "Naona mbele." Dana, aliyekuwa ameketi kando yake, akasema kwamba yeye pia ameona mbele, na hakukupenda. Watu wakacheka. Mzee akampa masharti matatu: kishikio cha tilti kisiguswe gari likitembea; baada ya kilomita 100 za kwanza arudi akaze boliti zote; na kwa kuwa pikapu ni gari la biashara, wakaguzi wa NTSA waonyeshwe badiliko hilo, lisifichwe.

Yalikuwapo pia mazungumzo ya kina mama, nayo twayaleta hapa kwa faida ya wengine. Binti wa marehemu ni mjamzito, na huenda akaliendesha gari hilo mara moja moja. Ushauri wa wataalamu wa usalama wa barabarani kwa mwanamke mwenye mimba ni kwamba usukani wa tilti uelekezwe kwenye mfupa wa kifua, usielekezwe tumboni. Akae nyuma kadiri mguu unavyofika. Na mkanda upite chini ya tumbo, juu ya nyonga, kisha baina ya matiti. Pia walishauri kwamba baina ya kifua na katikati ya usukani pabaki kama sentimita 25, hasa katika magari yenye mfuko wa hewa. Kuhusu vazi, mikono mipana ya buibui hunaswa na kishikio cha tilti na cha indiketa. Dada zetu wavae mikono yenye kubana kwenye kifundo, au waifunge kwa mpira kabla ya kuwasha gari. Sitara haipingani na usalama, ikiwa mtu atakumbuka yote mawili.

Ndugu wasomaji, tuliyoyaona Uriri yatutosha kuwa somo. Mjane yule aliambiwa gari halimfai kwa kuwa yeye ni mfupi na ni mwanamke. Waama, lililokuwa halifai ni kipande cha chuma, na chuma hurekebishika. Ni mangapi majumbani mwetu tunayowalazimisha wake zetu na mama zetu kuyafuata, kwa kuwa tu aliyeyaweka alikuwa na kipimo kingine? Jiko limejengwa juu mno, kisima kina kamba nzito, mlango wa msikiti wa upande wa wanawake una ngazi zisizo na mshikio. Yafaa tuvitazame vitu hivyo kama yule mzee alivyolitazama gari: apimwe kwanza mtumiaji, kisha ndipo chuma kikatwe.

Lakini tusikate kabla ya kujua ni cha nani, wala tusiunge kwa namna itakayomdhuru aliye mbele. Ukarabati uliojengwa juu ya mali ya yatima ni dhulma hata ukiwa mzuri, na ukarabati uliopakwa rangi juu ya kiungo kibovu ni khiyana hata ukiwa wa bei nafuu. Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha kuifanya kazi kwa ukamilifu, nasi tuliuona mfano wa fundisho hilo kwa fundi asiyekuwa wa dini yetu, saa kumi ya jioni, mikono imejaa grisi.

Jumatatu alfajiri tuliondoka. Baadaye tulipata habari kwamba jeneza la kwanza lililobebwa na gari hilo baada ya matengenezo lilikuwa la mzee mmoja wa kijiji cha mbali, na njia ilikuwa ya matope, na mshika usukani alikuwa ni yeye mjane. Alifika salama, na maiti akazikwa kabla ya magharibi. Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu yule na mwenye gari aliyemtangulia, awalee mayatima wake, ampe mjane riziki ya halali na njia zenye salama, na amwongoze na kumlipa mema fundi yule kwa uaminifu wake. Wabillahi tawfiq.